Tuta la Salvia Mbele ya Nyumba

Salvia ni ua lisilotaka huruma. Ukilimwagia maji kila siku kwa mapenzi, mizizi inaoza na unabaki na kijiti cheusi mkononi. Ukiliweka kivulini lipumzike, linarefuka, linalegea, linakataa kuchanua. Linataka jua la kutwa nzima, udongo unaopitisha maji haraka, na mtu asiye na kiherehere. Nililipenda kwa sababu hiyo hiyo. Mimi mwenyewe sikuwa mtu wa kubembelezwa, au ndivyo nilivyokuwa nikijisemea.

Tulijuana, mimi na ua hilo, huko juu kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, katika hoteli ya watalii ambako nilikuwa nafua shuka. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Kazi yangu ilikuwa kufua, kusuuza, kuanika, kisha kuliomba jua litoke, na jua la kule lina maringo. Ukungu wa Ngorongoro anaujua aliyefua nguo. Unaanika asubuhi, unaanua jioni, na shuka bado inachuruzika. Nyuma ya kamba zetu palikuwa na kipande cha ardhi kilichopata jua kuliko pengine pote, na fundi wa bustani alipanda salvia pale, zile za zambarau zinazoishi mwaka hadi mwaka. Upepo ukivuma, shuka ziligusa majani na kurudi na harufu yake, kali kidogo, iliyo kati ya dawa na majani ya chai. Wageni wakasifu sabuni yetu. Tuliwaacha wasifu.

Siku nilipoacha kazi, fundi alinikatia vipandikizi, akavifunga kwenye gunia bichi, akaniambia, "Huku juu zinavumilia tu. Kapande chini kwenye jua uone."

Niliondoka kwa sababu sikuweza tena kukaa pale. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, mtu wa Singida kama mimi, Mnyaturu wa maneno machache. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa hukohuko juu, kwenye kota za wafanyakazi, siku ambayo ukungu ulikuwa mzito hata mlango wa jirani hauonekani. Uchungu ulinianza mchana nikiwa peke yangu, wenzangu wote wakiwa kazini. Niliita. Niliita kwa Kiswahili, nikaita kwa Kinyaturu, nikaita bila maneno. Alipotokea mtu na gari kupatikana, mambo yalikuwa yameshaharibika. Mtoto hakuishi. Mimi nililala hospitali nikiwa sijitambui, na nilipopata fahamu nikaambiwa kwamba ameshazikwa, wamemweka vizuri, nisiwe na wasiwasi. Hakuna aliyenionyesha mahali, nami sikuuliza.

Tangu siku ile niliogopa jambo moja tu duniani, kuzaa tena nikiwa peke yangu, nikaita na asije mtu.

Mume wangu alilijua hilo ingawa hatukulizungumza. Alipata kazi ya kuendesha lori la ushirika, kupeleka ngano na maharage Arusha, akatafuta kiwanja katika kijiji kimoja huko Karatu, upande wa Endamarariek. Kulikuwa na viwanja vizuri zaidi. Hiki alikichagua kwa sababu jirani wa ng'ambo ya njia alikuwa mkunga. Alikuwa mama mtu mzima wa Kiiraqw, mrefu, mwenye mikono mipana, aliyezalisha nusu ya kijiji. Kila mtu alimwita Ama, ambalo kwao ndilo neno la bibi. "Huyo hapo," mume wangu aliniambia siku tuliyoshusha vyombo, akinyoosha kidevu kuelekea kwake. "Hata ukikohoa atasikia."

Nilishusha pumzi ambayo naamini nilikuwa nimeibana tangu kule kota. Jua lilikuwa linawaka. Udongo ulikuwa mwekundu, mwekundu wa kutia doa kila kitu, na nilitamani kuulamba. Majirani walikuja siku ileile. Wanawake walinisaidia kubeba vyombo, mmoja akaleta maziwa ya mgando kwenye kibuyu, Ama mwenyewe akaja na moto wa kuwashia jiko langu. Balozi wa nyumba kumi akafika kutuandikisha na kupiga soga na mume wangu chini ya ukuta. Niliwasikia. Balozi aliuliza kama tuna watoto, na mume wangu akajibu kwa ufupi wake, "Tulikuwa naye mmoja. Ametutoka hivi karibuni." Basi. Ndiyo desturi yake, anakupa kichwa cha habari, habari yenyewe anabaki nayo.

Nikaanza bustani mara moja, kwa sababu vipandikizi visingesubiri na masika yalikuwa mlangoni. Penye jua la kutwa palikuwa mahali pamoja tu, mbele ya nyumba, wazi kwa njia. Lakini udongo wa Karatu ukinyeshewa unashikana na kushika maji, na salvia ikisimama majini inakufa. Kwa hiyo nilipandisha tuta. Nilichimba kwanza, nikageuza udongo, nikachanganya mchanga wa korongoni na samadi iliyokwisha kuoza, nikainua mpaka likawa mviringo mgongoni, si refu, kama urefu wa kitanda cha mtoto. Nikalielekeza mashariki na magharibi ili jua lipite juu yake lote. Nikalizungushia mawe ili kuku wasichakure na mvua isiubebe udongo. Vipandikizi vikiwa vichanga jua la mchana huviunguza, basi nikachukua kipande cha shuka kuukuu ya hoteli, nyeupe, niliyopewa nilipoacha kazi, nikavifunika, na kingo za shuka nikazifukia kwa udongo upepo usiipeperushe.

Yote hayo niliyafanya asubuhi moja, peke yangu, nikiwa nimepiga magoti, nikiwa na kichefuchefu na macho mekundu, kwa sababu nilikuwa mjamzito na sikuwa nimejua bado. Mke wa mtoto wa Ama alipita na mzigo wa kuni, akasimama njiani. Akaniangalia kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Pole sana, mama."

Nilidhani ni pole ya kazi. Nikajibu, "Asante, nimeshapoa, ndiyo nimemaliza hivi." Akaondoka haraka bila kugeuka, na mimi nikajiambia kwamba wanawake wa huku wana adabu sana.

Baada ya hapo hakuna aliyekanyaga uwanja wangu.

Hawakuwa wakali, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Mtu mkali unaweza kumjibu. Hawa walisimama njiani, wakanisalimia taratibu, wakauliza nimeamkaje, kama nimelala, kama nakula. Nikiwakaribisha ndani walikuwa na haraka ghafla. Wale wachunga ng'ombe waliokuwa wakipita kandokando ya uwanja wangu wakaanza kuzunguka mbali. Siku moja kijitoni nilikuwa nainamisha ndoo yangu, mwanamke mmoja akanishika kiwiko kwa upole, akanielekeza chini kidogo, baada ya mahali wenzangu wanapochota. "Hapa ni pazuri kwako," alisema. Nilichota. Nilirudi nyumbani na hasira.

Halafu ile habari ya chai. Mnakumbuka sukari ya miaka ile, au mmesimuliwa. Mume wangu alinunua kidogo Arusha kwa kubahatika, nami nikaifunga kwenye kitambaa nikaificha hata mimi mwenyewe nisiione. Nikapika chai ya maziwa, nikaitia sukari ya heshima, nikaibeba mpaka njiani walikosimama wanawake watatu. Walipokea vikombe kwa mikono miwili. Wakashukuru. Wakavishika. Nilipogeuka kumfukuza kuku, nilirudi nikavikuta juu ya jiwe, vimejaa, na wao wameshaondoka. Niliinywa mimi yote, kikombe kwa kikombe, nikilia na kutukana kwa Kinyaturu.

"Wanatubagua," nilimwambia mume wangu aliporudi safari. "Kwa sababu sisi ni watu wa kuja. Kwa sababu ni Waislamu."

"Watazoea," alisema, akavua viatu.

Mimi nikikasirika huwa nafanya kazi. Kwa kuwa hawakunitaka, nikalipa tuta langu upendo wote. Nilikwenda korongoni nikachagua mawe meupe, nikayaondoa yale ya kwanza. Masika yalipokwisha, salvia zilishika, zikapanda, na upepo wa huku ukianza unalaza kila kitu, basi nikachomeka mti mmoja kichwani mwa tuta na kufunga mwingine kwa kukingama, nipate mahali pa kufungia mashina. Mimi ni mtoto wa Kiislamu, sikuona kitu pale ila kifaa cha bustani. Kila jioni niliinama kuondoa majani makavu na kuzungumza na maua yangu, kwa sababu sikuwa na mwingine wa kuzungumza naye. Wakati mwingine niliimba kidogo. Njiani nikasikia nyayo zinapunguza mwendo, zinasimama, kisha zinaongeza. Nikaimba kwa nguvu zaidi, wasikie kwamba sijali.

Nilijali, bwana. Kufikia wakati huo tumbo lilikuwa linaonekana, na kila nilipoliangalia nilihesabu watu ambao wangekuja nikiita. Nikapata mume wangu, kama hayuko safari. Lori lilikuwa likikwama Mto wa Mbu, likikosa dizeli, likikosa kipuri. Zahanati ilikuwa mbali kwa miguu na vuli ikinyesha barabara haipitiki. Alibaki Ama, ng'ambo ya njia, karibu hata namwona akipepeta maharage ya ngwara uwanjani kwake.

Mwishowe nilimeza kiburi nikaenda. Alinipokea nje, akaniwekea kigoda mbali na mlango. Nikamwambia, "Ama, nakuja kwako kwa jambo la kike. Unaona hali yangu. Nakuomba siku ikifika unisaidie."

Aliniangalia, na macho yake yakajaa machozi. Hilo lilinichanganya. Mikono yake mipana ilikuwa magotini na haikusogea. Mkunga yeyote angeshanishika tumbo kabla sijamaliza kusalimia.

"Mume wako," aliuliza, "hajaenda kuona mzee yeyote? Mambo yenu yatengenezwe?"

"Mume wangu yuko safarini," nilisema.

"Basi ngoja, mwanangu. Kwanza yatengenezwe. Mimi siwezi kuja hivihivi."

Sikuelewa neno hata moja. Nilielewa tu kwamba amekataa. Nilivuka njia nikarudi kwangu, nikafunga mlango, nikakaa sakafuni. Nilijiona tena kule kwenye ukungu, safari hii kwenye jua kali, nikiita, na watu wazuri wenye adabu wamesimama njiani wakinipa pole.

Maua nayo hayakujua habari hizi. Mwezi wa saba, ukungu wa asubuhi ukiondoka, jua la adhuhuri liliyapiga na yakachanua, zambarau kutoka mwanzo wa tuta hadi mwisho. Nyuki walikuja kutoka mizinga ya watu wasiotaka kuja wenyewe. Ndege chozi walining'inia humo kutwa. Mbuzi walinusa mara moja wakapiga chafya wakaenda zao. Kule hotelini sikuwahi kuziona hivi, na fundi alikuwa amesema kweli. Nililia kwa uzuri wake, nikakasirika kwamba nauona peke yangu.

Ilipofika karibu na vuli, maua yakazeeka. Salvia ikishamaliza kuchanua inataka kukatwa, tena kukatwa kweli, na kila baada ya muda inabidi uing'oe shina, uligawe, upande upya, la sivyo katikati inakuwa kuni tupu. Tumbo langu lilikuwa kubwa kiasi kwamba miguu yangu nilikuwa naikumbuka tu. Lakini mvua ilikuwa inakuja, na mimi sikuwa mtu wa kuacha kazi. Asubuhi moja nikaondoa mawe nikayapanga pembeni. Nikang'oa ule mti wenye kukingama nikautupa. Nikakata salvia zote kwa kisu. Kisha nikachukua jembe, nikalipandisha, nikalishusha katikati ya tuta.

Nilisikia kuni zikianguka njiani. Alikuwa yuleyule mke wa mtoto wa Ama. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akapiga yowe ambalo nina hakika lilifika Oldeani.

Kijiji kizima kilikuja. Wanawake walitoka mashambani na majembe, walitoka jikoni na mikono ya unga. Hakuna aliyesimama njiani. Waliingia uwanjani kwangu wakikimbia, wote, kwa mara ya kwanza tangu siku ya vyombo, na mbele yao alikuwa Ama, akikimbia kama msichana. Alinyakua jembe langu.

"Wewe! Acha! Acha hilo jembe!"

"Nimefanya nini?" Nilidhani kuna nyoka.

"Usimfukue," alisema. Alikuwa anahema na kulia. "Tunakuomba, mwanangu. Mwache alale."

"Nani alale?"

Walitazamana. Mmoja akaanza kunishika bega, kama unavyomshika mtu aliyerukwa na akili. Ama akasema taratibu sana, "Mtoto."

Hasira yote ya miezi ile ilinipanda. Nilipiga tumbo langu kwa viganja. "Mtoto yuko humu! Humu! Mnamwona? Ni huyu mliyekataa kumpokea!" Nikaonyesha tuta. "Na haya ni maua! Ma-u-a!"

Kuku mmoja, ambaye alisubiri tangu masika, aliona mawe yameondolewa akaingia kuchakura.

"Nilikuona ukimfunika na sanda," mke wa mtoto wa Ama alisema, bado kashika kichwa.

"Shuka ya hoteli! Ya kuzuia jua!"

"Na msalaba je?" akauliza mwingine.

"Msalaba gani, mimi nasali Ijumaa!" Kisha nikageuka kuutazama ule mti nilioutupa, umelala kwenye nyasi na mwenzake umefungwa kwa kukingama, na kwa mara ya kwanza nikauona. Nikalitazama tuta. Nikaona urefu wake, mgongo wake, mahali mawe meupe yalipokuwa yamezunguka. Nikajiona nimepiga magoti jioni baada ya jioni, naongea na udongo, naimba. Nikakaa palepale chini.

"Chimbeni," niliwaambia. "Nipeni jembe, au chimbeni wenyewe. Chimbeni hadi mwisho."

Ama ndiye aliyechimba. Alichimba kwa woga mwanzoni, halafu kwa nguvu. Akatoa mizizi, mchanga, samadi, minyoo minene, na kipande cha shuka kilichooza, ambacho kiliwarudisha wote nyuma hatua moja mpaka nikakishika na kukifungua na ndani mkawa hamna kitu. Akafika kwenye udongo mwekundu mgumu usiowahi kuguswa na jembe la mtu. Akalipiga jembe pale, likalia *ko*. Akaegemea mpini.

Nani alianza kucheka sijui. Naona ni mimi. Lakini Ama ndiye aliyecheka mpaka akalala kwenye nyasi, mama wa heshima zake, akipiga ardhi kwa kiganja na kusema maneno ya Kiiraqw ambayo yaliwafanya wengine washikane wasianguke. Balozi alifika mwisho, ametoka jasho, ana fimbo, ana uso wa msiba. "Nani kafa sasa?" akauliza. Walipojaribu kumjibu hakuna aliyeweza kumaliza sentensi.

Walinieleza baadaye, tukiwa bado tumekaa palepale chini. Nyumba iliyopotelewa na mtoto, kwao, hukaa kando kwa muda mpaka wazee waifanyie utaratibu wake. Watu wake hawali chombo kimoja na wengine, hawachoti maji juu ya wengine, mifugo haichanganyiki. Wengi wao walikuwa Wakristo wa miaka mingi na padri alikuwa ameshawaambia waache. Waliacha kwa midomo, miguu haikuacha. Na mkunga kuliko wote asiingie nyumba hiyo, kwa kuwa mikono yake inatoka hapo kwenda kwa watoto wa watu wengine. Mume wangu alimwambia balozi kwamba mtoto ametutoka karibuni. Muda mfupi baadaye nikaonekana asubuhi na mapema, macho mekundu, nafukia kitu chenye shuka nyeupe.

"Mbona hamkuuliza?" nilisema.

"Utamuuliza vipi mfiwa umezika nani?" Ama alisema. "Tulingoja wewe useme. Mimi nilikuwa nakuona na tumbo lako kila siku, usiku siwezi kulala. Nilimwambia mzee wangu, kama huyu mume wake haji kutengeneza mambo, mimi nitaingia hivyohivyo, waninyime kazi."

Hilo lilinifikia mahali pake. Nilikuwa nimemchukia mwanamke yule miezi yote ile.

Halafu akauliza, bila kuchekacheka tena. "Lakini mume wako alisema yuko mtoto. Sasa huyo amelala wapi?"

Sikuwa nimejiandaa. Nilifungua mdomo nikasema kweli, "Sijui, Ama. Kule juu. Hawakunionyesha."

Ndipo nililia. Si kilio cha hasira, hicho nilikuwa nimekizoea. Nililia kwa sauti mbele ya watu, na wao hawakunibembeleza wala kuniambia nisilie. Walikaa wakazunguka lile shimo lisilo na kitu, wakalia na mimi, wanawake ambao majina yao sikuwa nayajua. Walikuwa wamejiandaa kunilia tangu masika. Pole walizokuwa wamezishika zote walinipa siku hiyo, mmoja baada ya mwingine, kwa kunishika mkono, na safari hii nilijua ni pole ya nini. Balozi alivua kofia. Alisema kwamba yule ni wa kule na mambo yake yalikwisha kule, nyumba hii haina neno. Hakuna aliyembishia.

Ama alipangusa mikono kwenye kanga, akasogea, akaniwekea viganja tumboni. Bado vilikuwa na udongo wa moto. Alisukuma hapa, akabonyeza pale, akafumba macho. Mtoto akampiga teke. "Ana hasira huyu," alisema. "Wa kwako kabisa."

Sijui niseme vipi jinsi nilivyojisikia. Kitu nilichokuwa nimekibeba kilishuka, na mwili ulikuwa mwepesi hata na tumbo lile. Alhamdulillahi, nilisema, nikasema tena. Nililala mchana ule mpaka jua likazama.

Salvia haikupotea. Mashina yalikuwa yameng'olewa tayari na Ama kwa bidii yake yote, kwa hiyo niliyagawa, na kila mwanamke aliondoka na kipande chenye mizizi. Niliwafundisha mahali pa kukata na pa kuacha, jua la kutwa, maji kidogo, tuta lililoinuka. Walisikiliza yote vizuri. Walipopanda, kijiji kizima, kila mmoja alichora duara. Mpaka leo ukipita upande ule utaona salvia za zambarau mbele ya nyumba, na hutaona hata moja kwenye tuta refu. Na mimi nilipanda duara, nikijifanya ni kwa ajili ya kupunguza palizi.

Mume wangu alirudi siku chache baadaye akakuta wanawake wamejaa jikoni kwangu wanacheka. Nilimsimulia. Alisikiliza hadi mwisho. "Kumbe," alisema. Baadaye, tukiwa wawili, akaniambia ni wapi alipomlaza mtoto, karibu na mti gani, na kwamba aliweka jiwe. Alikuwa ameshindwa kusema kwa sababu nilikuwa sijauliza.

Vuli ikafika kwa fujo. Njia ikawa tope la kumeza viatu na lori likakwama Mto wa Mbu, kama nilivyokuwa nimejua litakwama. Asubuhi moja mvua ikiwa imepumzika, nilikuwa mlangoni nachambua maharage, uchungu ukanishika kiuno. Nilikuwa nimejiandaa miezi yote kwa saa hiyo. Nilikuwa nimeshajua nitapigaje kelele, nitasimama wapi ili sauti ivuke njia, nitaita mara ngapi kabla ya kukata tamaa.

Nikainua uso. Ama alikuwa uwanjani kwake anafagia maji ya mvua.

"Ama," nilisema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.

Aliuweka ufagio chini. "Nipo," alisema, na alikuwa ameshaanza kuvuka njia.